Rangi si Pambo: Kuhusu Picha za Miberoshi ya Kinamasini

Ndugu msomaji, safari hii nimeweka vitabu pembeni kidogo, nataka tuhakiki picha. Usigune. Picha ina fani na maudhui kama ilivyo riwaya, na wengi wetu tulijifunza kueleza mandhari kwa kutazama picha kabla hatujamaliza riwaya hata moja.

Picha ninazozisema unazijua, hata kama hujui zinatoka wapi. Maji meusi yametulia kama kioo. Miti mirefu imesimama ndani ya maji hayo, mashina yamevimba chini kama mguu wa tembo. Matawini yananing'inia manyoya ya kijivu. Majani yote yamegeuka rangi ya shaba, ya chungwa na ya kutu, na yote hayo yanajirudia majini, kichwa chini miguu juu. Ukungu unapita. Pengine kuna mtumbwi mmoja mtupu pembeni. Mtu hayupo. Utazikuta kwenye kalenda, kwenye kuta za saluni na za gesti, na siku hizi hata kwenye kioo cha simu ukiiwasha tu.

Picha hizi hupigwa kusini mwa Marekani, katika vinamasi vya Louisiana, Texas, Georgia, Florida na kwingineko. Mti wenyewe ni aina ya mberoshi, ndugu wa mbali wa ile saipresi iliyopandwa na watu wa misitu kwenye milima yetu ya Usambara. Lakini huu una kituko chake. Ndugu zake wengi hukaa kijani mwaka mzima. Wenyewe ukifika mwezi wa Novemba unageuka rangi, halafu unayavua majani yote unabaki mtupu. Ndiyo maana wenyeji wakauita mberoshi wenye kipara.

Dai langu ni hili. Nyingi ya picha hizi ni nzuri na ni za uongo kwa wakati mmoja, na uongo wake ni uleule uliojaa katika miswada yetu sisi vijana tunaojifunza kuandika. Rangi ya kinamasi ni tukio. Ina saa yake, ina sababu yake, ina historia yake. Anayeichukua kama pambo tu anatuibia lile tukio, anatuachia karatasi ya kufungia zawadi.

Tuanze na fani, maana hapo sina ugomvi mkubwa. Fundi apewe haki yake. Siku zikifupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza ile kemikali inayoyapa majani ukijani. Kijani kinavunjika, na rangi nyingine zinapata nafasi ya kuonekana. Mambo yakiwa mazuri fundi ana siku chache tu, kwa sababu upepo mmoja au mvua moja kubwa inatosha kuyamwaga majani yote majini. Kwa hiyo huamka kabla ya jua. Asubuhi ya baridi maji bado yana joto kuliko hewa, na ndipo mvuke unapopanda ukawa ule ukungu tunaousifia. Jua likishapanda, ukungu kwisha.

Yumo ndani ya mtumbwi. Mwanga ni mdogo, hivyo jicho la kamera lazima likae wazi muda mrefu kidogo, na mtumbwi nao haukubali kutulia. Hata ukiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, stendi inayumba na mtumbwi wake. Wengine hushuka majini wakaikita stendi kwenye tope. Wana pia kioo maalumu cha kuchuja mng'ao, ambacho hufungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa taratibu. Ukikizungusha kidogo, ule weupe unaoteleza juu ya majani unaondoka na rangi inakolea. Ukizidisha, kivuli cha miti majini nacho kinafutika, na nusu ya picha imekwenda. Maji yenyewe ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu ya majani na magome yanayoozea humo. Wakati hakuna upepo, maji meusi namna hiyo hushika taswira kuliko maji meupe.

Yote hayo ni kazi. Mtu asije akasema hizi ni picha za kubahatisha.

Matatizo yanaanza fundi akisharudi nyumbani. Mwaka 1990 kampuni ya Fuji ilitoa filamu ya slaidi iitwayo Velvia, iliyopendwa sana na wapiga picha wa mandhari kwa sababu moja kubwa: ilikoleza rangi kuliko macho yalivyoona. Leo filamu si lazima tena. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, anasogeza kidude kulia, rangi inapanda. Anasogeza tena, inapanda tena. Mimi sina kesi na kuongeza chumvi. Hata bibi akisimulia hadithi anaongeza. Kesi yangu ni kwamba chumvi ikizidi, kila mboga ina ladha moja.

Rangi ya kweli ya mberoshi huu ni ya tofali lililochomwa, ya kutu kwenye bati la zamani. Ni rangi ya unyenyekevu, bwana. Ukiisukuma mpaka iwake kama moto, umeufuta mberoshi na mahali pake umepanda mti mwingine usio na jina. Ndipo kinamasi cha Texas kinapofanana na cha Georgia, na cha Georgia na cha Florida, na mtazamaji hana tena haja ya kujua yuko wapi. Sasa fungua mswada wowote tunaopeana kusoma. Msichana akiingia tu, ana shingo ya twiga, kiuno cha nyigu na macho ya gololi. Wa Tandika ni huyohuyo, wa Tabora ni huyohuyo. Mwandishi kasogeza kidude kulia. Rangi zote ziko juu na binti mwenyewe haonekani.

Hilo lilikuwa kosa la fani. Kosa la maudhui ni zito zaidi, na ili tulione tuchukue mahali pamoja. Kwenye mpaka wa majimbo ya Texas na Louisiana kuna ziwa linaloitwa Caddo, lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 25,000, na miberoshi imesimama ndani yake kila upande. Wapiga picha hufurika huko kila Novemba. Ufukweni kuna kijiji kinaitwa Uncertain, yaani, kwa lugha yetu, Hakuna Hakika. Jina hilo mwenye kuandika riwaya angelilipia.

Chini ya picha za Caddo mara nyingi utakuta maneno ya kusifu asili isiyoguswa na mkono wa mtu. Haya, tuone hiyo mikono.

Jina la ziwa ni la watu, Wacaddo, wenyeji wa eneo lile. Kwa mkataba wa mwaka 1835 walitoa ardhi yao kwa serikali ya Marekani, na mwaka 1859 waliokuwa wamebaki Texas wakahamishwa kupelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma, ambako taifa lao lina makao hadi sasa. Ziwa nalo lilihusiana na lundo kubwa la magogo lililokuwa limeuziba Mto Red na kuyarudisha maji nyuma. Lundo lile lilipoondolewa mwaka 1873 ili meli zipite, maji ya ziwa yakashuka. Mwaka 1911 kisima cha mafuta kilichimbwa hapo juu ya maji. Mwaka 1914 likajengwa bwawa, maji yakapanda tena. Kwa hiyo kile kioo kinachotuonyesha miti kichwa chini miguu juu ni maji yaliyozuiwa na ukuta wa binadamu. Pale Karnack, ufukweni palepale, kilijengwa kiwanda cha silaha cha jeshi, na mwaka 1988 ndipo yalipoanza kuharibiwa makombora ya Pershing, kufuatana na mkataba wa Marekani na Urusi ya Kisovieti. Sehemu ya ardhi hiyo leo ni hifadhi ya wanyama.

Kisha kuna gugu liitwalo salvinia, asili yake Amerika Kusini, lililoonekana ziwani humo mwaka 2006. Watu wa Mwanza na Kisumu hawahitaji maelezo marefu. Wao waliona gugumaji lilivyolifunika Ziwa Victoria miaka ya tisini. Salvinia nayo hutandaza zulia juu ya maji, mwanga haupiti, na kioo hakuna tena. Mpiga picha wa kalenda anafanyaje akikutana na zulia hilo? Anapiga kasia anahamia ghuba safi.

Sasa wewe utaniuliza: je, yote hayo yaingie kwenye picha moja? La hasha. Picha ina pande nne na lazima iache vitu nje, kama hadithi inavyoacha. Kuacha ni haki ya msanii. Ila kuna kuacha na kuna kuficha. Ukiacha jambo nje, bado uzito wake unausikia ndani. Ukilificha, unamwapia mtazamaji kwamba halijawahi kuwepo.

Mfano wa kuficha ni ule mtumbwi mtupu na desturi ya kutoweka mtu. Kinamasi katika picha hizi hakina mwenyewe. Lakini nenda mashariki, mpakani mwa Virginia na North Carolina, kwenye kinamasi kiitwacho Great Dismal Swamp, ambako nako miberoshi ipo. Humo, tangu kabla ya Marekani kupata uhuru hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliishi watu weusi waliokimbia utumwa. Walikaa kwenye visiwa vya nchi kavu katikati ya tope, mahali ambapo mbwa na wawindaji walipata taabu kufika. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya maisha yao. Kiswahili hakihitaji kuazima neno kwa ajili yao, tunalo: watoro. Ndivyo walivyoitwa pia watumwa waliokimbia mashamba ya pwani yetu katika karne ya 19, wengine wakaenda kujificha msituni, wengine wakakimbilia Witu.

Hebu sasa itazame tena ile picha ya asubuhi. Ukungu ni uleule, lakini haubaki wa mapenzi tu. Ukungu unaficha mtu. Maji meusi hayaonyeshi nyayo. Na Novemba majani yanapopukutika, maana yake ni kwamba maficho yanapungua na baridi inakuja. Picha haijaongezewa hata tone la rangi, na tayari imeanza kusema.

Kuna jambo jingine, nalo halihitaji hata kutoka nje ya fremu. Mbegu ya mberoshi huu haioti chini ya maji. Mti mkubwa unaweza kusimama majini miaka na miaka, lakini mtoto wake anahitaji ardhi yenye unyevu iliyoachwa wazi na maji kwa muda, aote, arefuke, ili maji yakirudi yamkute kichwa kiko juu. Maji yakizuiwa na bwawa yakakaa mwaka mzima, mbegu zinaelea na kuoza. Kwa hiyo ukishika picha ya miberoshi iliyosimama kwenye maji ya kina, tafuta watoto. Mara nyingi huoni hata mmoja. Unaona wazee watupu, wamevaa shaba na dhahabu kama wako harusini, na nyumba haina mtoto. Hiyo ndiyo picha! Msiba na sherehe viko katika fremu moja, na aliyepiga akahesabu rangi tu.

La mwisho kuhusu rangi ni la hatari zaidi. Karibu na New Orleans ulichimbwa mfereji wa meli kutoka baharini, ukakamilika katika miaka ya 1960. Mfereji ule ukaingiza maji ya chumvi kwenye vinamasi, na miberoshi ikafa kwa wingi. Mfereji wenyewe ulikuja kufungwa mwaka 2009. Mti unaouawa na chumvi nao majani yake hubadilika rangi na kupukutika, kabla haujabaki gogo la kijivu. Kamera haina njia ya kutofautisha hudhurungi ya Novemba na hudhurungi ya Juni. Ya Novemba ni usingizi, mti utaamka machipukizi yakija. Ya Juni inaweza kuwa kifo. Bila tarehe, bila mahali, bila mtu anayeujua mti, picha zote mbili zinaweza kutundikwa kwenye saluni moja, na wateja wakasema, aisee, pazuri hapo.

Ndiyo maana nasema rangi ni tukio. Anayejua sababu ndiye anayejua anachokiona.

Je, wapo waliofaulu? Wapo, na nitataja wawili waliokwenda njia mbili tofauti.

Wa kwanza ni Clyde Butcher, aliyezaliwa mwaka 1942, anayejulikana kwa picha za kinamasi cha Big Cypress huko Florida. Huyu zamani alikuwa akiuza picha za rangi za kupamba kuta, biashara hasa. Mwaka 1986 mwanawe aliuawa na dereva mlevi. Butcher akaingia kinamasini, akaacha rangi kabisa, akapiga nyeusi na nyeupe kwa kamera kubwa za filamu ambazo negativu yake moja ina ukubwa wa inchi 8 kwa 10 na hata zaidi. Alikuwa akisimama maji yakiwa kiunoni. Katika picha zake hakuna shaba wala dhahabu ya kukudanganya. Kuna umbo la shina, unene wa hewa, na kimya. Ukizitazama unaelewa kwamba rangi ilikuwa imesimama mbele ya miti ikituzuia kuiona.

Lakini tusiruke tukasema basi rangi ni dhambi. Wa pili ni Richard Misrach. Mwaka 1998, kwa kazi aliyopewa na jumba la sanaa la High la Atlanta, alipiga picha za rangi kando ya Mto Mississippi kati ya Baton Rouge na New Orleans, eneo lililojaa viwanda vya mafuta na kemikali. Moja ya picha hizo ni ya Geismar, Louisiana: kinamasi, na bomba linapita ndani yake. Rangi ipo, utulivu upo, na bomba lipo. Hakulikwepa kwa kusogea hatua mbili kushoto. Na ajabu ni kwamba uzuri haukuharibika. Umepata jambo la kubishana nalo, ukawa mzito zaidi. Picha hizo zilikuja kuwa kitabu, *Petrochemical America*, mwaka 2012.

Mmoja alitoa rangi ili mti uonekane, mwingine alibaki na rangi ili bomba lionekane. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alijiuliza rangi inafanya kazi gani pale. Mpiga picha wa kalenda hajiulizi. Kwake rangi imefika, na kazi imekwisha.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mtunzi wa mashairi, alinipinga hapa. Akasema: ndugu yangu, nesi ametoka zamu ya usiku, amesimama kwenye daladala saa nzima, amefika nyumbani anatazama kalenda ukutani. Unataka nayo imhubirie habari za mabwawa na watoro? Mwache apumzike. Hoja hiyo ni nzito na siikanyagi. Uzuri ni haja ya mtu kama chakula. Hata wale wahakiki waliozoea kutuambia kuwa sanaa isiyopiga kelele za ukombozi ni sanaa ya mabwanyenye, nyumbani kwao wameweka maua.

Ila nani kasema ukweli unachosha? Mashina ya miberoshi yana alama ya mstari, mahali maji yalipofika mafuriko yalipokuwa juu. Mpiga picha akishuka kidogo na kuuweka mstari huo ndani ya fremu, majani ya kutu juu yake na maji tulivu chini yake, nesi wetu anapata utulivu wake wote, na juu ya hapo anapata siri: kwamba utulivu huu umeshawahi kuzama, na ukainuka. Yeye mwenyewe atajua kwa nini picha hiyo haimchoshi mwezi mzima. Au ainamishe kamera apige majani yaliyokwisha kuanguka, maana baada ya upepo hutanda juu ya maji kama mkeka. Uzuri haupungui hata nukta. Kinachopungua ni uvivu.

Turudi kwetu, maana kalenda hizi zimeingia hadi kwenye kalamu zetu. Nimesoma hadithi, wewe pia umezisoma, ambamo wapenzi wanaachana Kinondoni huku majani ya dhahabu yakipukutika kando ya njia. Majani gani hayo, jamani? Na watafsiri nao wakikutana na majira yale ya Wazungu ya majani kuanguka, wengi huandika "vuli". Lakini vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Vuli ni harufu ya vumbi lililolowa, ni kumbikumbi kwenye taa, ni mkulima kuingia shambani. Mwezi uleule ambao mberoshi wa Caddo unavua majani, shamba la mtu wa Muheza linaota. Neno moja limebebeshwa kufa na kuota, na mwandishi anayelitumia bila kufikiri anampa msomaji picha ya kalenda badala ya mvua.

Wakati huohuo mti wetu wenye rangi upo na hatuuandiki. Mkungu! Upo Dar, upo Tanga, upo Unguja na Mombasa, unatoa kivuli kwa wauza kahawa na wacheza bao. Kabla ya kuyadondosha majani yake mapana, mkungu huyageuza mekundu kama damu ya mzee, mengine ya manjano yenye madoa, na kwenye tawi hilohilo utakuta jani bichi kabisa. Mtoto anaokota jani jekundu anajipepea. Mama anafagia, anafagia tena, anaulaani mti. Ni rangi yenye mtu, yenye sauti ya ufagio, yenye saa yake ya asubuhi. Ni nani kati yetu amewahi kuiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya?

Sisemi tusiandike kuhusu miberoshi. Mwandishi hana mipaka, na anayetaka kumpeleka shujaa wake Louisiana ampeleke. Lakini akimfikisha pale asubuhi ya Novemba, ajue maji yale yamezuiwa na nini, nani alijificha pale, watoto wa miti wako wapi, na ile kutu ni ya usingizi au ya kifo. Akishajua, pengine ataandika sentensi moja tu kuhusu rangi, na itatosha.

Nawapeni kazi, vijana wenzangu. Chagueni mti mmoja wa mtaani kwenu unaobadilika. Msiupambe. Uulizeni maswali manne: lini, kwa nini, nani anaufagia, na nani hayupo tena chini yake. Andikeni ukurasa mmoja, mleteni kwa mhariri, tusomeane toleo lijalo. Mimi wangu wa mkungu nimeshauanza, na mpaka sasa nimefuta "dhahabu" mara tatu.